Karatasi za Ituri: siri, uhuru na utawala wa kijeshi Bunia

Kila baada ya siku 15 hufanyika Kinshasa jambo ambalo wakazi wengi wa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, wameacha hata kulisikiliza redioni. Serikali inawasilisha bungeni mswada wa kurefusha hali ya dharura ya kijeshi katika majimbo ya Ituri na Kivu Kaskazini. Waziri anasema operesheni zinaendelea na mafanikio yapo. Wabunge wa mashariki wanalalamika, kura inapita, Seneti inafuata nyuma, na jimbo lililo zaidi ya kilomita 1,700 kutoka ukumbi huo linaongezewa majuma mawili mengine ya kutawaliwa na jenerali. Bunge likiwa mapumzikoni, serikali huwa imekwisha kupewa idhini ya kurefusha yenyewe.

Hali hiyo, ambayo mjini watu huiita kwa Kifaransa tu, état de siège, ilitangazwa na Rais Félix Tshisekedi kwa amri ya tarehe 3 Mei 2021, ikaanza kutumika tarehe 6. Katiba ya 2006, ibara ya 144, inaruhusu siku 30 za mwanzo, kisha nyongeza za siku 15 kwa 15. Walioandika ibara hiyo walikusudia iwe kamba fupi: serikali irudi kwa wawakilishi wa wananchi kila mara, ijieleze, ihojiwe. Ukipiga hesabu ya kawaida, hadi Mei 2025 nyongeza hizo zilikuwa zimefika takribani 95. Kamba fupi zimeungwa moja kwa nyingine mpaka zimepita miaka minne.

Swali la msingi ni la zamani na si la Kongo peke yake: je, uhuru wa raia unaweza kuwekwa kando mpaka usalama urudi? Serikali imejibu kwamba unaweza. Watu wengi wema wa Bunia walijibu hivyo hivyo Mei 2021, na sithubutu kuwacheka. Waliokuwa wamechoka kuzika watu wa wilaya za Djugu na Irumu tangu mauaji yalipofumuka upya Desemba 2017 hawakuwa na sababu ya kulilia bunge la jimbo ambalo halikuwa limewaokoa. Lakini ukiisoma historia ya Ituri kwa utulivu unakuta jibu la kinyume. Vita vya hapa vililelewa na maamuzi yaliyoandikwa kwenye karatasi ambazo wahusika hawakuziona, wala hawakupewa nafasi ya kuzipinga kabla hazijawaangukia. Ikiwa ndivyo, basi haki ya kuona na kuhoji ni sehemu ya usalama wenyewe.

Tuanze na kilichoondolewa. Gavana Jean Bamanisa, aliyechaguliwa 2019, aliondoka; nafasi yake ikashikwa na Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama, naibu wake akiwa ofisa wa polisi. Meya wa Bunia na wakuu wa wilaya wakabadilishwa kwa maofisa wa polisi na wa jeshi. Bunge la jimbo likafungwa. Amri ya pili ya Rais, iliyosainiwa siku ile ile ya 3 Mei, iliwapa watawala wa kijeshi uwezo wa kupekua nyumba za watu mchana na usiku, kupiga marufuku mikutano na machapisho yanayodhaniwa kuchochea fujo, kuzuia watu na magari kupita, na kumwondoa mtu mahali wanapoona hafai kuwepo. Kesi zote za jinai zikahamishwa kwenda mahakama za kijeshi, jambo ambalo ibara ya 156 inaliruhusu.

Hayo yote yana mguu mmoja wa kisheria na mwingine uko hewani. Ibara ya 85 inasema namna ya kutekeleza hali ya dharura itawekwa na sheria. Mei 2021 sheria hiyo haikuwepo. Majimbo mawili yenye mamilioni ya watu yakatawaliwa kwa amri za Rais, na mipaka ya madaraka ya jenerali ikawa ile anayoitafsiri jenerali mwenyewe. Kuna mambo ambayo hata dharura haiyagusi, na ibara ya 61 inayataja moja moja: uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa fikra na dini. Uhuru wa kukusanyika haumo, uhuru wa habari haumo. Hapo ndipo palipobanwa.

Tazama jinsi ubanaji huo unavyofanya kazi kwa mtu wa kawaida. Ibara ya 26 haimtaki mwananchi aombe ruhusa ya kuandamana. Inamtaka aiarifu mamlaka kwa maandishi, basi. Kwa hiyo kikundi cha vijana kinaandika barua, kinatoa nakala mbili, kinazipeleka ofisi ya meya. Katibu anagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala moja na kuwarudishia. Muhuri ule ndio haki yenyewe: unathibitisha kwamba umearifu. Katika mji wa kawaida mazungumzo yangefuata kuhusu njia ya kupita na idadi ya polisi. Chini ya état de siège, barua yenye muhuri ni orodha ya majina ya watu wa kukamatwa. Kinachotisha zaidi ni kwamba meya anayepelekewa barua ni ofisa wa polisi, na bosi wake ni mwanajeshi, na hakimu atakayewahukumu ni mwanajeshi pia. Ngazi zote tatu zimevaa sare.

Wanachama wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, walilijua hilo mapema. Kule Beni, 13 kati yao walikamatwa Novemba 2021 kwa kupinga kurefushwa kwa dharura, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawapa miezi 12 jela. Mwezi uliofuata Amnesty International ilitoa ripoti nzima juu ya haki na uhuru katika majimbo haya mawili. Ilieleza jinsi mahakama za kijeshi zilivyolemewa na mafaili ya raia wasiohusika na vita kwa namna yoyote. Mashtaka ya wizi mdogo na ugomvi wa majirani yalipanga foleni moja na kesi za wapiganaji, nalo gereza kuu la Bunia, ambalo tangu zamani lilifurika, likazidi kufurika kwa mahabusu wanaosubiri hakimu asiyekuwepo.

Mahakama ya kijeshi nayo haina budi kutendewa haki: si mbaya kwa asili. Machi 2006 mahakama ya kijeshi ya Ituri ilimhukumu kapteni Blaise Bongi kwa uhalifu wa kivita, ikiutumia moja kwa moja Mkataba wa Roma wakati mahakama nyingi za Afrika zilikuwa hazijathubutu. Ilikuwa heshima kwa Bunia. Lakini pale mwanajeshi alihukumiwa na wanajeshi wenzake mbele ya raia wanaotazama. Chini ya dharura raia ndiye aliye kizimbani, na mwanajeshi hatazamwi na yeyote.

Na je, bei hiyo ilinunua nini? Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu wapatao 60 waliuawa na wapiganaji wa CODECO katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, Djugu. Tarehe 1 Juni 2023 makundi yenye silaha yalisaini mapatano ya amani mjini Aru; siku 11 baadaye kambi ya Lala ilivamiwa na zaidi ya watu 40 wakauawa. Februari 2025 zamu ilikuwa ya Djaiba, wafu zaidi ya 50. Kusini mwa jimbo waasi wa ADF waliendelea kuchinja watu wa Irumu na Mambasa, na Julai 2025 wakaingia kanisani Komanda wakati wa ibada ya usiku. Wapo wanaosema bila jeshi ingekuwa mbaya zaidi, na kwamba magari yalirudi kupita sehemu za barabara ya taifa namba 27. Hoja ya barabara naikubali. Ya kwanza haina namna ya kuthibitishwa, na ndiyo maana inapendwa sana.

Mwaka ule ule wa kwanza wa dharura, 2021, kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge la Taifa ilikagua mambo na kusema dharura ilitangazwa bila mpango wa kimkakati. Julai, maofisa kadhaa wa jeshi walikamatwa Bunia kwa tuhuma za kula fedha za operesheni. Hapo pana somo ambalo wanamageuzi wa Ituri wamekuwa wakilirudia mpaka wamechosha: jeshi lisilohojiwa linajiibia lenyewe kwanza. Askari wa mstari wa mbele anakosa posho na chakula kwa sababu karatasi ya matumizi ni siri ya ulinzi, kisha askari huyo anaweka kizuizi barabarani na kumtoza motari anayepita na magunia ya maharagwe. Raia analipa kodi ya siri ambayo hakujua ipo.

Turudi nyuma sasa, maana Bunia haikuanza kutawaliwa hivi mwaka 2021.

Wabelgiji ndio waliotangulia kuchora mipaka. Baada ya kuuawa kwa chifu Bomera wa Wahema mwaka 1911, waliamua kuwatenganisha Wahema na Walendu kiutawala, kila jamii na maeneo yake, watu waliokuwa wakiishi pamoja na kuoleana. Hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza. Dhahabu ya Kilo, iliyogunduliwa 1903, ilikuwa imekwisha kuwapa sababu ya kutaka mkoa mtulivu wenye vibarua. Tusikae sana hapo.

Karatasi iliyochimba shimo kubwa zaidi ni ya Mobutu: sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema ardhi yote ni mali ya dola, na mtu anapata haki juu yake kwa hati ya usajili. Hati hiyo ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, haipingiki tena. Fikiria maana yake kwa kijiji cha Walendu-Pitsi miaka ya 1990. Mwenye shamba kubwa lililoachwa na mzungu, mwenye elimu na jamaa katika ofisi za serikali, anaomba upimaji mpya. Mstari wa ramani unasogea na kumeza mashamba ya watu wanaolima hapo tangu enzi za babu zao. Faili linalala ofisini. Hakuna anayelisoma kijijini, kwa sababu hakuna aliyeambiwa lipo. Miaka miwili inapita. Mwaka wa tatu wanakuja polisi na hati ya kuwafukuza, nayo ni halali. Watafiti wa Human Rights Watch na wengine wamelieleza hilo kuwa ndilo lililowasha moto wa 1999: wenye mashamba kadhaa wa Kihema walituhumiwa kupanua mipaka yao kwa hati za kughushi, Walendu wakakataa kuhama, na silaha zikaingia. Sheria yenyewe haikumtaja Mhema wala Mlendu. Muda ule wa miaka miwili ulikuwa na maana tu kwa mtu anayeweza kuona faili.

Ndani ya mwaka huo huo ikaja karatasi ya tatu, na hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Bunia ilikuwa chini ya jeshi la Uganda tangu 1998. Juni 1999 jenerali James Kazini, kamanda wa majeshi hayo nchini Kongo, alitangaza jimbo jipya la Kibali-Ituri na kumteua Adèle Lotsove kuwa gavana wa muda. Uteuzi huo aliuandika kwa barua, akiongeza na ushauri wa namna ya kuendesha jimbo. Jenerali wa nchi jirani, kwa kalamu yake, alizaa jimbo na gavana, katikati ya mgogoro wa ardhi ambao gavana mwenyewe, akiwa Mhema, angeonekana kuwa mshiriki wake hata kama angekuwa malaika. Hakuna mkutano wa wananchi uliofanyika. Watu walipokea gavana kama wanavyopokea mvua.

Kilichofuata kinajulikana: mauaji ya Nyankunde Septemba 2002, ya Bogoro Februari 2003, na Mei 2003 ya Bunia yenyewe, baada ya Waganda kuondoka na kikosi kidogo cha Umoja wa Mataifa kushindwa kuwakinga watu waliokimbilia kwenye geti lake. Parokia ya Nyakasanza ilivamiwa na mapadri wakauawa. Juni wakaja wanajeshi wa Ulaya wakiongozwa na Ufaransa, operesheni Artemis, wakatuliza mji hadi Septemba. Vitu vidogo vya kiraia vya wakati huo vimesahauliwa mno. Katikati ya moshi ule, Tume ya Amani ya Ituri iliunda bunge la muda, nalo likaongozwa na mwanamke, Pétronille Vaweka, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa wilaya ya Ituri na mpatanishi aliyewaendea wapiganaji porini kwa miguu yake. Mwaka 2023 alitunukiwa tuzo ya wanawake wajenzi wa amani huko Marekani. Ukiniuliza Ituri iliwahi kutawaliwa lini kwa namna iliyo karibu na matakwa ya wanamageuzi wa leo, nitakutajia kipindi hicho kifupi na kilichochakaa, kisichokuwa na fedha wala bunduki.

Kiongozi mashuhuri wa wapiganaji wa vita vile, Thomas Lubanga wa kundi la UPC, alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague: hatia Machi 2012, miaka 14, kwa kuwatumikisha watoto vitani. Lakini nusura asihukumiwe, na sababu ilikuwa usiri. Juni 2008 majaji walisimamisha kesi nzima kwa kuwa mwendesha mashtaka alikuwa ameshika nyaraka zaidi ya 200, nyingi zilizotoka Umoja wa Mataifa kwa masharti ya usiri, na miongoni mwake zilikuwemo zinazoweza kumsaidia mshtakiwa. Hakuruhusiwa kumwonyesha mtuhumiwa nyaraka hizo, wala hata majaji. Majaji wakasema kesi ya haki haiwezekani namna hiyo. Ilichukua miezi mpaka Umoja wa Mataifa ulipolegeza. Waathirika wa Bunia waliokuwa wakifuatilia redioni walishindwa kuelewa kwa nini ushahidi wa mateso yao umefungiwa kabatini na wale wale waliokuja kuwalinda. Waliuliza sawasawa. Na Lubanga naye alikuwa na haki ya kuuona. Mwanamageuzi anayetetea uhuru wa raia hana budi kulisema hilo hata kama linamkera.

Kabati jingine liko Geneva. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010, inayoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa Kongo kati ya 1993 na 2003, Ituri ikiwemo, ilichapishwa bila majina ya watuhumiwa. Majina yamehifadhiwa kwa siri. Hoja ya kuyahifadhi ina uzito: kumtaja mtu bila mahakama ni kumhukumu bila kumsikiliza. Ila mahakama ya kuwasikiliza haijaundwa, na miaka inapita, siri inageuka kinga. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu amepita, ameteuliwa, amepandishwa cheo. Lubanga mwenyewe, baada ya kutoka jela 2020, aliingizwa na Kinshasa katika ujumbe wa kwenda kuzungumza na CODECO, akatekwa nao Februari 2022 akiwa huko, akaachiwa, na 2025 akajitokeza tena kuongoza kundi jipya la waasi. Sijui riwaya gani ingekubali mpangilio huo.

Sasa kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo siri inapohesabika.

Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa dola linalokalia Ituri kwa mabavu, na lazima iwajibike. Kielelezo kimoja kilikuwa ile karatasi ya Kazini. Kielelezo kingine kizito kilitoka Uganda kwenyewe: ripoti ya Tume ya Jaji Porter, iliyochunguza uporaji wa mali za Kongo na kuwahoji mashahidi chini ya kiapo. Majaji waliipa uzito wa pekee kwa sababu ya namna mashahidi hao walivyohojiwa. Kwa hiyo uchunguzi wa wazi wa nchi iliyoshtakiwa uliisaidia nchi iliyoshtaki. Ningependa mkuu yeyote wa jeshi anayeogopa tume za uchunguzi asimuliwe habari hii, ingawa yawezekana ndiyo itakayomfanya aziogope zaidi.

Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Februari 2022 ikapewa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Kongo ilitaja vifo 180,000. Majaji, baada ya kupitia ushahidi, wakakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Tofauti hiyo si kwamba majaji walidhani watu hawakufa. Walisema vielelezo havitoshi. Hakukuwa na orodha za wafu zinazoaminika, wala rejesta, wala mafaili ya hospitali yaliyokusanywa kwa uangalifu, katika kesi iliyofunguliwa 1999. Serikali ilikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuwauliza watu wa Bogoro na Nyankunde majina ya ndugu zao. Dola ambalo linatunza siri kwa bidii na kumbukumbu kwa uzembe lilifika The Hague mikono mitupu, na hasara ikawa ya mjane wa Irumu.

Uganda ilianza kulipa Septemba 2022, dola milioni 65 kwa mwaka. Fedha ziliwekwa chini ya mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao Kisangani, mji ambao Waganda na Wanyarwanda waliupigania kwa siku sita Juni 2000. Kisangani iliumia na inastahili. Lakini hukumu ile ililichukulia jambo la Ituri kuwa la pekee, kwa kuwa huko ndiko Uganda ilikuwa mkaliaji. Waathirika wa Ituri wamekuwa wakiuliza kwa nini orodha zinaandaliwa mbali nao, kwa vigezo gani, na zamu yao ni lini. Mwaka 2024 waziri wa sheria Constant Mutamba aliusimamisha uongozi wa mfuko kwa tuhuma za ubadhirifu, akapigiwa makofi. Septemba 2025 waziri huyo huyo, akikana kosa, alihukumiwa na mahakama ya juu jijini Kinshasa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu uliohusu takribani dola milioni 19 za ujenzi wa gereza Kisangani, fedha zilizotoka katika fidia hiyo hiyo. Tuseme gereza lingejengwa vizuri. Bado mwathirika wa vita angekuwa amelipwa kwa gereza, bila kuulizwa.

Hapa upinzani wenye nguvu zaidi dhidi ya hoja yangu hautoki Kinshasa. Unatoka kwenye kumbukumbu ya mji. Wazee watakuambia: Radio Candip, redio ya elimu iliyolea vizazi vya walimu, ilipoangukia mikononi mwa UPC ilitumika kuchochea watu. Maneno yaliua. Kwa hiyo gavana wa kijeshi anayezuia mkutano wa jamii moja au chapisho la jamii nyingine anaweza kusema anazuia 2002 isirudi, na mkazi wa mtaa wa Mudzipela aliyezika watoto atamwelewa. Nami namwelewa. Ila tuangalie vizuri kilichotokea. Redio ile haikuchochea kwa sababu ya uhuru kuzidi. Ilichochea baada ya mtu mmoja mwenye bunduki kuwanyamazisha wengine wote na kubaki na kipaza sauti peke yake. Mapambano dhidi ya uvumi, kama Ituri ilivyojifunza tena wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, yanashindwa pale habari rasmi inapokuwa haba. Novemba 2019 mtangazaji Papy Mumbere Mahamba aliuawa nyumbani kwake Lwemba, Mambasa, kwa kuwaelimisha watu kuhusu ugonjwa ambao wengi waliamini ni biashara ya wakubwa. Alikuwa akiziba pengo ambalo siri ilikuwa imelichimba kabla yake.

Wanamageuzi nao wana lao la kujibu. Wengi wao mjini ni wasomi wa vyuo, wanaandika taarifa kwa Kifaransa kizuri kisichofika vijijini Kobu wala Gety. Wengine wanatetea uhuru wa raia kwa ukali pale aliyekamatwa anapokuwa wa jamii yao, na wanapata kikohozi anapokuwa wa jamii ya pili. Mwanaharakati wa Bunia anayetaka kuaminika inabidi siku moja atetee hadharani haki ya mtu ambaye baba yake anaamini alichoma kijiji chao. Wapo wanaofanya hivyo. Si wengi.

Agosti 2023 serikali iliitisha meza ya mazungumzo Kinshasa kuhusu dharura, na wajumbe wengi wa kiraia kutoka majimbo haya walitaka iondolewe. Oktoba Rais akatangaza kulegeza hatua kwa hatua: amri ya kutotoka usiku iondoke, mikutano ya amani irudi. Jina la dharura likabaki, jenerali akabaki. Aprili 2024, nchi ilipochagua magavana, majimbo mengi yalihusika. Ituri na Kivu Kaskazini hazikuwemo.

Kisha, Februari 2025, Goma ikiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23, mkuu wa majeshi ya Uganda Muhoozi Kainerugaba aliandika kwenye mtandao wa X kwamba wenye silaha wote Bunia wana saa 24 za kuzisalimisha, la sivyo atashambulia. Siku chache baadaye askari wa Uganda waliingia mjini, safari hii wakiwa washirika rasmi wa jeshi la Kongo, kama walivyokuwa tangu operesheni ya pamoja dhidi ya ADF ilipoanza Novemba 2021. Pengine kuja kwao kulizuia balaa. Lakini fikiria jinsi habari ilivyowafikia wakazi wa mji ambao jenerali wa nchi hiyo hiyo aliwateulia gavana kwa barua miaka 26 kabla: kupitia simu zao, kutoka kwa mtoto wa rais jirani, kwa lugha ya kutishia. Serikali yao, iliyokuwa na gavana wa kijeshi mjini na vyombo vyote vya usalama, ndiyo iliyozungumza nyuma ya wengine.

Madai ya wanamageuzi yakiondolewa mapambo yanabaki machache na ya kiofisi kabisa. Masharti ya kuwepo kwa jeshi la kigeni Bunia yabandikwe na kujadiliwa bungeni. Orodha ya walipwaji wa FRIVAO kwa Ituri iandaliwe Ituri, kijiji kwa kijiji, na isomwe hadharani kabla ya kufungwa. Matumizi ya dharura yakaguliwe na wakaguzi wa kiraia. Hati ya ardhi isianze kuhesabiwa miaka yake miwili mpaka itangazwe sokoni na kanisani mahali ardhi ilipo. Bunge la jimbo lipewe tena kazi yake, nalo limchague gavana, kama majimbo mengine yalivyopewa nafasi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kumvua silaha askari aliye Djugu usiku huu, na ndiyo sababu ni vigumu kuelewa kwa nini linajibiwa kila mara kwamba wakati wake bado.